UZI: Kamera nyepesi za kurekodi kwenye droni za FPV. Tuongelee gramu, jairo na mtetemo kabla ya 4K

Kipanga_Mwekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Swali la "nifunge kamera gani juu ya droni yangu" haliishi humu ndani, na majibu yake mara nyingi ni majina matupu: chukua hii, achana na ile. Anayeuliza anaondoka na jina tu, hajui kwa nini. Nimeona tufungue uzi mmoja tulimalize.

Kwa wageni, kwa ufupi. Droni ya FPV, yaani ile unayoirusha ukitazama kupitia miwani kile inachokiona, kwa kawaida hubeba kamera mbili. Moja ni ya rubani, inapeleka picha kwenye miwani papo hapo. Hii inatakiwa iwe na wepesi wa kufikisha picha, uzuri ni ziada. Ya pili ndiyo inayorekodi video utakayowaonyesha watu. Uzi huu unahusu hiyo ya pili.

Sasa uzito. GoPro Hero 12 Black na betri yake ni gramu 154. Ukiipandisha juu ya droni ya inchi 5 (kipenyo cha propela) ambayo ikiwa tayari kuruka ina gramu 650 hivi, umeongeza karibu robo. Inaruka, ila utaisikia kwenye stiki: ukishuka kwa kasi ukataka kusimama, inapitiliza kidogo kabla ya kutii. Ichukue kamera hiyo hiyo uiweke kwenye droni ya inchi 3 yenye gramu 250. Hapo umeongeza zaidi ya nusu ya uzito wake. Mota zitachemka, betri itaisha upesi, na kila kona utaipigania.

Na si gramu peke yake, ni mahali gramu zinapokaa. Kamera inakaa mbele na juu, mbali na kitovu cha uzito. Gramu 50 pale mbele zinaisumbua droni kuliko gramu 50 zilizolala katikati ya kiunzi. Ndiyo maana ukifunga kamera unasogeza betri nyuma, na ndiyo maana mipangilio ya PID (namba zinazoamua droni inavyojisahihisha angani) iliyokuwa tamu bila kamera inaweza kuanza kuyumba ukishaifunga.

Wazee wa mchezo huu wanaikumbuka GoPro Hero5 Session ya 2016. Kamchemraba ka gramu sabini na kitu, hakana skrini, kanaingia popote. GoPro waliacha kukatengeneza na marubani wakaendelea kukasaka miaka mingi baadaye. Umbo lile likarithiwa na RunCam 5 na dada yake RunCam 5 Orange, gramu 56. Tangu hapo soko limegawanyika:

Kuna zile zilizovuliwa kila kitu. GoPro Hero10 Black Bones ya 2022 ina gramu 54, haina betri wala skrini, inakula umeme wa droni yenyewe kuanzia volti 5 hadi 27. Ndani ni Hero10 kamili, inarekodi 5.3K (picha yenye upana wa nukta 5,300 hivi) kwa fremu 60 kwa sekunde.

Kuna zenye betri yake ndani na bado ni nyepesi: Insta360 GO 2 (gramu 26.5), GO 3 (gramu 35), GO 3S (gramu 39, na hii ndiyo iliyofika 4K).

Halafu kuna vidudu kabisa. RunCam Thumb haifiki gramu 10 na inarekodi 1080p kwa fremu 60. Kaka yake Thumb Pro ana gramu 16 na anafika 4K kwa fremu 30.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnipinge vizuri: kwenye droni, kitu cha kwanza kuangalia ni kama kamera inahifadhi data ya jairo. 4K ije baadaye. Video ya 1080p iliyotulia inatazamika mpaka mwisho. 4K inayotikisika mtu anaifunga sekunde ya tano.

---

Chipukizi_wa_Anga

Nimeweka mkeka hapa. Mkuu, hiyo data ya jairo ndiyo nini hasa? Kamera yangu ina kitufe cha kutuliza picha, nikiwasha si inatosha?

---

Kipanga_Mwekundu

@Chipukizi_wa_Anga swali zuri. Jairo ni kihisi kinachopima kamera inazunguka kuelekea wapi na kwa kasi gani, mara mamia kwa sekunde. Kamera yenye jairo inaweza kutumia vipimo hivyo kwa namna mbili: ikatuliza picha yenyewe pale pale inaporekodi, au ikaacha video mbichi na kuandika vipimo pembeni ili ukatulize baadaye kwenye kompyuta.

Hiyo ya pili ndiyo yetu. Utulizaji wa ndani ya kamera ulitengenezwa kwa mtu anayetembea au anayeendesha baiskeli. Droni ikipiga msokoto wa ghafla, kamera inadhani ni mtikisiko, inajaribu kuuzuia, kisha inakata tamaa na picha inaruka. Kwenye kompyuta programu inaiona safari nzima, mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo inajua msokoto unakuja na inaupokea taratibu.

Programu zenyewe: ReelSteady ilianza kama kazi ya watu wengine, GoPro wakainunua 2020. Gyroflow ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inasoma kamera nyingi: GoPro kuanzia Hero 5, Insta360 za GO, RunCam Thumb, RunCam 5 Orange, na hata vifaa vya DJI. Ukitaka kuitumia, ZIMA utulizaji wa ndani ya kamera kabla ya kuruka. Ukiuacha ukiwaka, picha tayari imeshachezewa na vipimo vya jairo havilingani nayo tena.

---

Mwewe_Mzee

Nakubaliana na jairo, nakataa hiyo ya kudharau picha. Hizi kamera ndogo zina lenzi ndogo na kihisi kidogo, basi. Jua likianza kuzama utaona. Vivuli vinajaa chenga, majani ya miti yanageuka uji wa kijani. Hero 11 na 12 zina kihisi cha inchi 1/1.9, kikubwa kuliko kile cha 1/2.3 kilichokuwa kwenye Hero10, na tofauti unaiona kwa macho bila kukuza picha.

Kuna jambo lingine. Gyroflow inatuliza kwa kukata kingo za picha. Ukianza na 1080p, ukikata unabaki na pungufu ya 1080p halafu unaivuta irudi. Ukianza na 5.3K una nyama ya kukata. Kwa hiyo "K" si mapambo mkuu, ndiyo akiba ya kutulizia.

Mimi inchi 5 yangu inabeba kamera nzima na sijutii. Mota zipo, betri ipo, sioni sababu ya kujinyima.

---

Kipanga_Mwekundu

@Mwewe_Mzee hoja ya akiba ya kukata naipokea bila ubishi. Ndiyo maana pia watu wanarekodi kwa 4:3, au 8:7 kwenye Hero 11 na zilizofuata, badala ya 16:9: unapata nafasi juu na chini ya kuchezea.

Ila wewe unaongelea inchi 5. Mwenye inchi 3 hana anasa hiyo. Kwake swali si kipi kina picha nzuri zaidi, ni kipi droni itabeba bila kugeuka gunia.

---

Fundi_Lehemu

Mmeruka njia ya kati. Kabla ya Bones watu walikuwa wanaichukua GoPro ya kawaida, wanafungua ganda, wanatoa skrini na betri, wanabakiza bodi, kihisi na lenzi, kisha wanailisha umeme kutoka kwenye droni. Hero 6, 7 na 8 zimechinjwa sana namna hii. Ukimaliza unabaki na kitu cha gramu 30 hivi chenye picha ile ile ya kamera nzima.

Wenye mkono wa lehemu inawafaa. Lakini yapo mambo ya kujua kabla hujashika bisibisi.

Joto. Ganda lilikuwa linasambaza joto. Bila ganda, upepo wa kuruka ndio feni yako. Ukiiwasha mezani halafu ukaanza kubishana na redio yako kwa dakika kumi, kamera itajizima kwa joto kabla hujapaa. Washa, ruka, tua, zima.

Umeme. Kamera iliyochinjwa inataka volti 5 zilizotulia. Usiichomeke kwenye volti 5 zile zile zinazolisha kipokezi cha redio kama bodi yako haina nguvu ya ziada. Kamera ikianza kurekodi inavuta umeme, volti zinashuka, na ukipoteza kipokezi ukiwa angani hakuna video itakayokufariji. Iwekee BEC (kipunguza volti) yake peke yake. Bones haina shida hii kwa kuwa inachukua hadi volti 27. Betri ya 6S (seli sita) iliyojaa ni volti 25.2, kwa hiyo inaingia moja kwa moja.

Kuzima. Kamera yoyote isiyo na betri yake, iwe iliyochinjwa, iwe Thumb, iwe Bones: simamisha kurekodi kwanza ndipo uchomoe betri ya droni. Ukichomoa ghafla faili halikufungwa, na unaweza kukuta video haifunguki.

GPS. Bodi ya kamera isiyo na ganda inatoa kelele za redio. Ukiibana karibu na GPS, idadi ya satelaiti inaporomoka. Tenganisha.

---

Dada_Propela

Asante fundi. Mimi niseme la mtetemo, maana naona mnaongea jairo kama dawa ya kila ugonjwa. Gyroflow haitibu mawimbi.

Mawimbi ndiyo yale picha inavyocheza kama jeli kwenye sahani. Chanzo ni hiki: kihisi cha kamera hizi hakichukui picha yote kwa mpigo, kinasoma mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini. Mota inayozunguka mara 24,000 kwa dakika inatikisa kiunzi mara 400 kwa sekunde kama propela haijakaa sawa. Ukirekodi fremu 60, ndani ya fremu moja kamera imetikiswa zaidi ya mara sita. Kila mstari unasomwa kamera ikiwa mahali tofauti kidogo, na mistari inapopangwa pamoja inapinda. Utulizaji unajua kuzungusha picha, kurudisha kila mstari uliopotoka kwa mitetemo ya kasi namna ile ni kazi nyingine.

Dawa inaanzia chini. Propela iliyochubuka, tupa. Kengele ya mota (ganda lake la nje linalozunguka) iliyopinda, badilisha. Skrubu za kiunzi, kaza zote. Halafu ndipo unakuja kwenye kishikio: TPU (plastiki inayonyumbulika kama raba) iliyochapwa kwa printa ya 3D, laini kiasi, isiwe nene kama tofali wala laini kama ulimi.

Na hapa kamera nyepesi ina ubaya wake ambao mwanzisha uzi hakuutaja. Kitu kizito kikikaa juu ya raba kinakataa kutikisika, uzito wenyewe unakitulizia. Kamera ya gramu 10 haina uzito wa kukataa. Inafuata kila mtetemo. Kishikio kilichofanya kazi nzuri na kamera ya gramu 150 kitakuwa kigumu mno kwa Thumb. Inabidi uchape kwa ujazo mdogo zaidi au ubadili umbo lake.

La mwisho ni kichujio cha ND, kile kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga. Mchana wa jua kali kamera inaweka shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) 1/2000 ya sekunde. Kwa kasi hiyo kila mtetemo unagandishwa, unaonekana wote. Weka ND16 na shata inashuka hadi karibu 1/125, yaani ndani ya mfunguo mmoja mtetemo wa mara 400 umeshapita mara tatu na kujifuta wenyewe. Mawimbi yanapungua hapo hapo, na mwendo unaonekana laini.

---

Mwewe_Mzee

Dada, ND na Gyroflow haziivi chungu kimoja. Shata ikiwa polepole, kila fremu ina ukungu wa mwendo ndani yake. Ukija kutuliza, picha inasimama lakini ukungu unabaki palepale, kwa hiyo unaona mti umesimama wima halafu kila sekunde unapata kivimbe cha ukungu kisicho na sababu. Anayetuliza kwenye kompyuta arekodi kwa shata ya haraka.

---

Dada_Propela

@Mwewe_Mzee inategemea ukungu umetoka wapi kaka. Ukungu wa kusonga mbele na kupita vitu kando unabaki mzuri hata baada ya kutuliza, kwa sababu mwendo wenyewe upo bado. Unaokera ni ule wa mitikisiko ya ghafla uliyoiondoa. Droni iliyotulia haina mingi. Droni inayotapatapa, ndiyo, utauona.

Mimi sishuki mpaka 1/60 kwa fremu 30 kama wapiga filamu wanavyofundishwa. Naishia 1/125, na siku ya mawingu naweka ND8 inipe 1/250 au karibu na hapo. Mawimbi yameondoka, ukungu haujawa mwingi.

---

Mwewe_Mzee

1/125 naweza kuishi nayo. 1/60 hapana.

---

Ndege_Mchoyo

Mie nauliza tu, mbona mnahangaika? DJI O3 ya 2022 na O4 ya 2025 zinarekodi ndani kwa ndani. O4 ndogo ni gramu 8.2 kamera pamoja na kirushio cha picha, na inarekodi 4K fremu 60. Kamera ya rubani ndiyo hiyo hiyo ya kurekodi. Gramu za ziada: sifuri. Uzi ufungwe.

---

Kipanga_Mwekundu

@Ndege_Mchoyo usiufunge bado. Kwa droni ndogo nakuunga mkono, O4 imebadilisha kabisa hesabu za walio chini ya inchi 3. Ila angalia haya.

Kwanza, ile ya gramu 8.2 ina kihisi cha inchi 1/2 na haina tundu la kadi, unabaki na hifadhi ya ndani tu, gigabaiti 23. O4 Pro ina kihisi cha 1/1.3, tundu la kadi na 4K ya fremu 120, lakini uzito umeshafika gramu 32. Bado ni kidogo, sikatai.

Pili, pembe. Kamera moja ikifanya kazi mbili, pembe ya lenzi ni moja. Ukitaka kuruka kasi unaielekeza juu digrii 35 au zaidi. Ukitaka kupiga picha polepole unataka 15 au 20. Aliyefunga kamera ya pili anaweza kuzitenganisha kidogo.

Tatu, ukianguka vibaya ukavunja lenzi, umepoteza macho ya kurukia na ya kurekodi kwa pamoja. Kamera ya pili ikivunjika bado unarudi nyumbani na droni inayoruka.

Na kwa anayetaka kutumia Gyroflow na O3: zima RockSteady (utulizaji wa ndani wa DJI), weka mtazamo mpana. La sivyo data ya jairo haihifadhiwi.

---

Chipukizi_wa_Anga

Na kama kamera yangu haina jairo kabisa? Ninayo ndogo ya zamani, picha yake naipenda.

---

Fundi_Lehemu

@Chipukizi_wa_Anga ipo njia. Droni yenyewe ina jairo, ndiyo inayoifanya isimame angani. Betaflight (programu inayoendesha bodi ya droni) inaweza kuandika vipimo hivyo kwenye kumbukumbu yake ya blackbox, ukavipeleka Gyroflow pamoja na video. Programu inalinganisha mwendo inaouona kwenye picha na vipimo, inavipanga visomeke sambamba.

Sharti lake ni gumu. Kamera lazima iwe imekazwa na kiunzi kama kitu kimoja. Ukiiweka juu ya TPU laini, jairo ya droni inasema hivi na kamera imeyumba vile, matokeo ni vurugu. Kwa hiyo yale ya Dada_Propela ya kishikio laini yanawahusu wenye jairo ndani ya kamera. Wewe unakaza, na droni yako lazima iwe safi ya mtetemo tangu mwanzo. Na hakikisha bodi ina kumbukumbu ya kutosha, zile za megabaiti 16 zinajaa haraka.

---

Mwewe_Mzee

Kabla sijasahau, gramu 250. Nchi nyingi zimeweka mstari pale: Marekani anayeruka kwa burudani halazimiki kusajili droni iliyo chini yake, Umoja wa Ulaya nao una masharti mepesi kwa walio chini. Kinachopimwa ni uzito wa kupaa, betri na kamera zikiwa juu. Watu wanajenga droni ya gramu 230 wanafurahi, kisha wanabandika kamera ya gramu 35 na wameshavuka. Pima kwenye mizani ikiwa imevaa kila kitu, na usome sheria ya hapo unaporukia, maana zinabadilika.

---

Chipukizi_wa_Anga

Basi nimalizieni wakuu. Nina droni ya inchi 3 yenye mikingo ya propela, gramu 270 na betri, 4S. Nataka kupiga picha za ndani ya majengo na bustani, polepole, si fujo. Jairo nimeelewa. Nichukue GO 3S, Thumb Pro au Bones?

---

Kipanga_Mwekundu

Kwa kazi hiyo Bones iache. Itabebeka, lakini gramu 54 mbele ya inchi 3 utazihisi, na kwenye nafasi finyu za ndani unataka droni inayotii mara moja.

Thumb Pro ndiyo nyepesi, ila ndani ya majengo mwanga ni mdogo na hapo ndipo vihisi vidogo vinapochoka, kama alivyosema Mwewe. Ukiwa na madirisha mengi sawa.

Ningekuwa wewe ningeweka GO 3S. Gramu 39, betri yake ndani kwa hiyo hugusi lehemu, na faili halipotei ukichomoa betri ya droni. Isogeze karibu na katikati kadiri mkingo wa mbele usivyoonekana kwenye picha. Betri ya droni irudishe nyuma mpaka ukiinyanyua kwa vidole viwili katikati isilale upande wowote.

---

Dada_Propela

Na ndani ya nyumba vua ND. Kadi kwa watakaokwenda kwenye kamera zenye tundu: V30 (alama ya kasi ya kuandika, megabaiti 30 kwa sekunde) inatosha, video ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu, lakini kadi bandia ziko nyingi, ijaribu kabla. Halafu funga mizani ya rangi kwenye namba moja, ukiiacha ijiamulie, kila ukipita dirishani ukuta utabadilika kutoka buluu kwenda njano.

---

Chipukizi_wa_Anga

GO 3S basi. Kishikio nachapa wikiendi hii, TPU ninayo. Pembe nianze na ngapi?

---

Dada_Propela

15. Na chapa viwili, cha kwanza kitavunjika.